Ufunguo wa kabati la leba

Kuna saa za usiku pale leba, kuanzia saa nane hivi mpaka saa kumi, ambazo mtu ambaye hajawahi kuingia naiti huwezi kumweleza akaelewa. Baridi ya mlimani imeshashuka, umeme unacheza, wewe uko peke yako na mhudumu mmoja, na wodini una akina mama watatu, mmoja anatembea kashika ukuta, mmoja kalala chali anasubiri daktari wa asubuhi, mmoja anaita sista njoo, sista njoo, sista mimi nakufa. Ukunga mimi nimejifunzia saa hizo. Chuoni nilijifunza kufaulu mtihani.

Hii stori nimeikalia muda mrefu mana inamgusa mtu na kituo, kwaiyo kituo sikitaji, jua tu ni huku huku Moshi, upande wa juu ambako migomba inaanza na daladala zinaishia.

Usiku huo mama alijifungua vizuri tu, mtoto wa kwanza, kasukuma kwa adabu kabisa, afu mtoto akatoka kimya. Kalegea kama kitambaa cha kuoshea vyombo, rangi haieleweki. Kwa lugha yetu ya leba tunasema mtoto kachoka. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikasafisha mdomo, hakuna kitu. Sasa hapo inatakiwa ambu begi, ile ya kumpulizia hewa, na unatakiwa uwe umeshaanza ndani ya dakika moja tangu atoke, ndo maana kwenye mafunzo wanaiita Dakika ya Dhahabu. Na ambu begi ilikuwepo! Tena mpya, ya saizi ya watoto, na barakoa zake mbili. Ilikuwa ndani ya kabati, kabati lina kufuli, ufunguo anao inchaji, yaani mkuu wetu wa kazi, inchaji yuko kwake amelala.

Kwanini lifungwe? Kwasababu mwaka mmoja kabla vitu vilipotea, wakaguzi wakauliza, inchaji akaumia, akaamua chochote cha thamani kinafungiwa. Ukimsikiliza yeye anaeleweka kabisa. Ndo ubaya wa haya mambo, kila mtu ukimsikiliza peke yake anaeleweka.

Mama akaniuliza, "Sista, mbona halii?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeweka kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, kwenye mdomo wa mtoto nampulizia kwa mdomo wangu. Nyuma yangu nikasikia kishindo. Mhudumu wetu, mama mtu mzima ambaye wote tunamwita Mamkubwa, alikuwa ameshika stendi ya dripu anapiga kufuli. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili kufuli likaruka mpaka chini ya kitanda. Akanipa ambu begi hata hajaitoa vizuri kwenye nailoni, nikaanza kubana, moja, mbili, tatu, kifua kikainuka, na baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama kwaresima nzima yule mtoto akafanya sauti ya kama paka amekanyagwa. Mamkubwa akakaa chini sakafuni.

Asubuhi nikaripoti. Siku ya pili nikaletewa barua, natakiwa kutoa maelezo ya maandishi kwanini mali ya serikali imeharibiwa nikiwa zamu. Naapa. Nikaandika maelezo kurasa mbili, yakapokelewa, yakawekwa kwenye faili, na kabati likanunuliwa kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Mpaka leo nikisikia watu wanaongelea kuboresha huduma za mama na mtoto mi nawaza lile kufuli jipya. Mana wakati huo huo tulikuwa na mafunzo, mabango ukutani, na mtoto wa plastiki wa kufanyia mazoezi (yeye naye alikuwa ndani ya kabati, kwenye boksi lake, ili asichakae). Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakwenda semina ya hotelini mjini, chai na sambusa, posho nikasaini, cheti nimekitia fremu kipo sebuleni. Kitu kimoja tu hakikuwepo, mtu wa kutuuliza sisi tunaolala pale.

Sasa kuna jambo la Haydom ambalo nikilisoma huwa naliona kama limeandikwa kwa ajili yangu. Haydom iko Manyara, hospitali ya Kilutheri huko Mbulu, mbali kweli. Mwaka 2009 Tanzania tulianza majaribio ya mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua, hospitali nane, na Haydom walikuwemo. Wakawafundisha wakunga siku nzima, kwenye mtoto wa plastiki wakafanya vizuri sana, walivyorudi leba kwa watoto wa kweli mambo yakabaki yale yale. Siku moja ya semina haikubadilisha mikono. Walichofanya baadae ni kitu kidogo mpaka unacheka: mazoezi ya dakika tatu mpaka tano kila wiki, pale pale leba, na ya dakika arobaini mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka toka kama 11 kwa kila watoto 1,000 mpaka kama 7. Baadae wazo hilo wakalipanua kwenye hospitali 30 za mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyotoka 2025 yanaonyesha vifo vya watoto vya siku ya kwanza vimepungua kwa kama asilimia 40. Kumbuka watu wa pale pale ndo wanaofundishana, wao wenyewe wanaangalia takwimu zao wanaamua mwezi ujao wafanyie mazoezi nini. Mgeni wa kuja na projekta si wa lazima.

Turudi kwetu. Yule inchaji akahamishwa, akaja mwingine, kijana, mwembamba, anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Wiki ya kwanza tukamdharau, niseme ukweli. Wiki ya pili akaja asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu, akaleta chupa ya chai na mandazi, akavuta kiti akakaa, akauliza, "Jana usiku nini kiliwakera?"

Kimya. Nani aongee? Wote tumeshawahi kuandikishwa maelezo. Mwenzangu mmoja akasema hakuna shida mkuu, tuko vizuri. Akasema sawa, tukanywa chai, akaondoka. Kesho yake akaja tena na chupa. Siku ya nne, Mamkubwa ambaye alikuwa anakung'uta ndoo mlangoni (yeye kwenye kikao hajaalikwa, mhudumu nani anamwalika kikao?) akasema bila hata kugeuka, "Hao wanaojifungulia chooni."

Tukaangaliana.

Basi akaweka ndoo chini akaeleza. Choo chetu kiko nje, unapita koridoni halafu hatua kama ishirini. Akasema anayesafisha ni yeye, kwaiyo yeye ndo anayejua, wanaojifungulia njiani au chooni kabisa wote ni usiku, na wote walianza kwa kuomba choo. Mtoto akishashuka anakandamiza huko nyuma, mama anahisi haja kubwa, anamwambia sista naomba niende haja, sista yuko bize na mwingine anasema nenda. Mama anakwenda gizani peke yake, koridoni taa imeungua tangu pasaka. "Anayeomba choo usiku huyo anajifungua," akasema Mamkubwa, "mi nilijua nyie mnajua."

Kitabuni ipo, kila mkunga amesoma hilo. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kuliona kama yeye alivyoliona, anasugua sakafu miaka kumi na moja, ni kitu kingine, na miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Siku hiyo hiyo balbu ikanunuliwa. Pesa sijui hata ilitoka fungu gani, nadhani inchaji alitoa mfukoni. Tukakubaliana, mama akiomba choo kwanza anapimwa njia imefunguka kiasi gani, afu anapewa chombo pale pale, haendi nje. Kamati ya kituo ilivyokaa tukaomba pazia, likachukua miezi, lakini likaja.

Baada ya hapo midomo ikafunguka, jamani. Ufunguo! Kila mtu ana lake la ufunguo. Kabati la ambu begi likaondolewa mlango kabisa, tukaweka meza ndogo pembeni ya kitanda cha kujifungulia, ambu begi, barakoa, penguini ya kunyonyea makamasi, vitambaa viwili vikavu, kofia, na karatasi imegundishwa ya kusaini, anayepokea zamu anaijaribu ambu begi kwa kiganja chake kabla hajasaini. Kikipotea kitu kinajulikana kimepotea zamu ipi. Na mtoto wa plastiki katolewa kwenye boksi, anakaa juu ya meza uchi wa mnyama, kila asubuhi mtu mmoja anachomolewa, haya mtoto kachoka, anza. Dakika tano. Wa kwanza kushindwa nilikuwa mimi, mwenye cheti cha fremu, barakoa ilikuwa inavuja hewa pembeni kifua hakiinuki. Yani yule mtoto wa usiku ule sijui alipona vipi.

Hatukufanikiwa yote. Sindano ya oksitosini kwa mfano, ile ya kuzuia damu ambayo mama anachomwa yuniti 10 mtoto akishatoka tu. Inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, friji liko kliniki ya chanjo, kliniki inafungwa jioni, kwaiyo usiku tulikuwa tunazibeba mfukoni kwenye sare. Dawa inakaa na joto la mwili wako usiku mzima afu unashangaa kwanini mfuko wa uzazi haujikazi. Tukasema tuweke kiboksi cha barafu kama kile cha chanjo, jioni kinajazwa. Mwezi wa kwanza kilijazwa siku mbili tatu, mana kazi ya wote ni kazi ya hakuna, kliniki wanasema ni ya leba, leba wanasema ni ya kliniki. Mpaka mlinzi, mlinzi wa getini, akasema nipeni mimi, mi ndo nafunga mlango wa kliniki. Tangu siku hiyo hakijawahi kukosekana. Sanduku la maoni ya wagonjwa nalo tuliweka, likapata maoni mawili kwa mwaka, moja lilikuwa risiti ya vocha.

Kuhusu damu, hebu nimalizie na Mamkubwa kidogo mana huyu mama angesoma angekuwa mbali. Kupima damu kwa macho wakunga tunakosea sana, damu imelowa kwenye khanga, nyingine iko sakafuni, nyingine iko chini ya mgongo wa mama, wewe unakadiria kidogo wakati ni nyingi. Kuna utafiti mkubwa wa hospitali 80 kwenye nchi nne, na Tanzania tumo, matokeo yalitoka 2023. Walikuwa wanamtandikia mama plastiki yenye vipimo damu inakusanyika unaisoma, afu ikipita kiwango mnafanya mambo yote kwa mkupuo, kukanda tumbo, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, dripu, kukagua inatoka wapi, badala ya kujaribu moja ukasubiri. Wanaotokwa damu nyingi ya hatari walipungua kwa asilimia 60. Hospitali ambazo hazikupata kile kifurushi, wakunga walikuwa wanagundua karibu nusu tu ya akina mama wanaotokwa damu kupita kiasi. Nusu! Na hata huko kila hospitali ilichagua watu wake wa ndani wa kusukuma jambo.

Sisi plastiki hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa na Mamkubwa, aliyeingia siku moja na beseni akasema, "Sista hili shuka la pili na ni zito, mimi nafua mashuka najua uzito wake." Nilikuwa naandika kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, nimempa mama mgongo, naona mtoto ananyonya, nikajua tumemaliza. Kugeuka mama midomo imekuwa myeupe. Tukapiga 115, ile namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, gari likaja tukampeleka hospitali kubwa. Yuko hai, anauza ndizi Mbuyuni, na huwa ananipunguzia bei.

Kuna watu watasema hii ni 5S tu, ile njia ya kupanga na kutunza sehemu ya kazi kwa hatua tano, mnaijua. Ndio naijua. Ilikuja na Wajapani, Mbeya ndo walioanza 2007, na maneno yake ya Kiswahili ni mazuri kweli kweli, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Sina ugomvi nayo. Ila nimeona vituo Sasambua inafanyika siku moja kabla ya wakubwa kuja, faili zinapangwa, makabati yanapigwa lebo, na wakubwa wakishapanda gari kila kitu kinarudi. Shikilia ndo inayotushinda, na inatushinda kwasababu aliyeamua kipi kikae wapi siye anayekitafuta saa tisa usiku.

Na chai usiichukulie poa. Tanga, Korogwe na Muheza, kulikuwa na mradi wa Staha, shida yao ilikuwa akina mama kutukanwa na kupigwa wakati wa kujifungua. Walikaa na wananchi na wahudumu wakatengeneza mkataba wa pamoja, afu wafanyakazi wa hospitali wenyewe wakachagua mabadiliko yao, mapazia, kubandika ubaoni dawa zilizoisha ili mama asidhani kafichwa, na kimojawapo kilikuwa chai kwa waliopo zamu kama shukrani. Uwezekano wa mama kunyanyaswa ulipungua kwa asilimia 66. Sisemi chai ndo iliyofanya. Nasema mtu ambaye hajala tangu jana saa kumi jioni, akiitwa sista mara ya arobaini, mdomo wake haujui adabu. Mimi nimeshawahi kumfokea mama aliyekuwa anasukuma, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na mama yule alikuwa mdogo wa rafiki yangu sikumtambua.

Afu kuna vikao vya vifo. Mama akifa au mtoto akifa lazima tukae tujadili, na inatakiwa iwe bila kunyoosheana vidole, imeandikwa hivyo. Zamani tulikuwa tunaingia kikao kile tumeshapanga la kusema, faili limeshaandikwa upya likapendeza, muda wa kupima mapigo ya mtoto kila nusu saa umejazwa kwa kalamu moja yenye wino ule ule. Sasa hivi kuna nafasi kwenye faili zinaachwa wazi. Najua inasikika vibaya, ila kwangu ile nafasi tupu ndo maendeleo makubwa kuliko yote, inamaanisha mtu kasema sikupima, nilikuwa peke yangu.

Hapo kwenye peke yangu ndo nina neno kwa wakubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulisema vifo vya akina mama ni 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 unasema 104. Wanaojifungulia vituoni wametoka asilimia 63 wakafika 81. Ni kazi kubwa imefanyika, majengo, gari, vyumba vya upasuaji. Lakini angalia watoto wachanga, vifo vya mwezi wa kwanza vilikuwa 25 kwa 1,000, vikawa 24. Karibu pale pale. Akina mama wameitika wamekuja kwetu, wamekuta mkunga yule yule mmoja na Mamkubwa yule yule mmoja. Kwaiyo mtu asije akatuambia kushirikishwa kunatosha, kwamba tukikaa kwenye duara tukanywa chai tutaota mikono mingine minne. Tulishamwambia inchaji, kitu cha kwanza kinachotukera usiku ni kuwa wawili. Akaandika. Kila mwezi anaandika, anapeleka wilayani. Tumeongezewa mmoja mwaka juzi, akaenda kusoma.

Jumanne iliyopita nilikuwa naiti. Mtoto wa mama mmoja wa Uru alitoka amechoka, sio sana, nikabana ambu begi kama mara kumi akalia, mama mkwe nje akasikia akapiga vigelegele, saa kumi na moja alfajiri ameshaleta mtori kwenye hotpoti mkubwa wa kulisha harusi. Tukanywa wote na mlinzi. Baada ya hapo nikataka chai, nikaenda kwenye kile kikabati cha ukutani cha sukari, nikakuta kimefungwa na kufuli moja kubwa jeusi. Nikaliangalia. Ni lile lile jipya lililonunuliwa baada ya maelezo yangu ya kurasa mbili. Mamkubwa alisema madaktari wa mazoezi wanamaliza sukari, kwaiyo ufunguo anakaa nao yeye, shingoni, kwenye kamba moja na rozari.